Wa Tumbo Moja

Mzee alizipatia zote. Mdadisi alisimama upande wa pili wa kamba ya mita 6, kibao cha herufi E kifuani, na kila alipoigeuza ile herufi, miguu yake ikaelekea juu, chini, kushoto au kulia, mzee alinyoosha mkono upande uleule bila kusita. Jicho la kulia, sawa. La kushoto, sawa. Akatabasamu kama mwanafunzi aliyepata mia kwa mia, akainuka kwenye kigoda ili amkaribishe mgeni ubuyu, na hatua ya pili tu akaipiga teke ndoo ya maji iliyokuwa wazi kabisa ubavuni pake. Maji yakasambaa uani, kuku wakatawanyika. Mkewe hakuinua hata macho kwenye mtama aliokuwa akipepeta.

"Kila siku ni hivyohivyo," alisema. "Ng'ombe wa ng'ambo ya korongo anamwona, ndoo haioni."

Mdadisi alicheka. Ilimchukua wiki nzima kuelewa kwamba yule mama, kwa sentensi moja, alikuwa ametoa maelezo ya ugonjwa bora kuliko fomu yake yenye kurasa sita. Daktari wa timu alipoangalia ndani ya macho ya mzee aliona neva iliyokwisha kuliwa. Kichwa cha neva ya jicho hufanana na sahani ndogo ya rangi ya chungwa yenye shimo katikati. Nyuzi za neva zinapokufa shimo hupanuka, na kwa mzee huyu lilikuwa limebakiza ukingo mwembamba kama wa kisahani kilichopasuka. Ugonjwa huu watu huuita presha ya macho, madaktari huuita glakoma. Huanza kwa kula pembeni. Katikati huachwa hadi mwisho, kwa hiyo mtu husoma herufi zote na kuipiga teke ndoo.

Lakini hayo yalikuja baadaye. Siku ile, maji yakiwa bado yanazama ardhini, mdadisi alikuwa na swali moja la kumalizia. "Mzee, kuna ndugu yako yeyote, yaani baba, mama, kaka au dada, aliyepofuka au mwenye ugonjwa wa macho?"

"Baba zangu watatu walipofuka," alijibu mzee.

Fomu ilikuwa na kisanduku kimoja tu cha baba. Mdadisi alitia tiki, pembeni akaandika 3.

"Na kaka?"

"Kaka saba wana shida ya macho."

Akaandika 7, akashukuru, akaaga, akaenda nyumba iliyofuata.

Alikuwa msichana wa miaka ishirini na minne, amemaliza stashahada ya takwimu, na kazi hii ya miezi mitano ilikuwa ya kwanza kumlipa posho. Mwanzoni mwa miaka ya 2010, mtu aliyesoma takwimu bila mjomba ofisini alichukua alichopata. Jina la kazi yenyewe lilimfurahisha: mdadisi. Mtu wa kudadisi. Mama yake aliposikia alisema kwamba hiyo si kazi, ni tabia, na kwamba alikuwa nayo tangu utotoni.

Waliwekwa katika vijiji vya Ugogo, nyumba za tembe zikiwa bado zimesimama hapa na pale kati ya bati jipya, upepo wa kiangazi ukivuma mavumbi tangu saa nne asubuhi. Wilaya jirani ilikuwa Kongwa. Wanahistoria wanaikumbuka Kongwa kwa karanga: mwaka 1947 Waingereza walianza kufyeka mapori kwa matrekta ili walime karanga za kulishia nchi yao iliyotoka vitani, wakapima ekari wasipime mvua, na kufikia 1951 mradi ukafa. Wengine wanaikumbuka kwa kambi ya wapigania uhuru wa Kusini mwa Afrika, miaka ya 1960. Duniani, katika vyumba wanamokutana watafiti wa macho, Kongwa ni jina la ugonjwa wa macho uitwao trakoma. Kuanzia miaka ya 1980 watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins cha Marekani, Sheila West akiwa miongoni mwao, walifanya kazi pamoja na Watanzania katika vijiji vyake, na sehemu kubwa ya yanayojulikana leo kuhusu ugonjwa huo na uso wa mtoto yalitoka pale.

Kila mdadisi alifundishwa kuyajua maradhi kwa sura, ili asiwachanganye watu anapouliza, ingawa kugusa jicho ilikuwa kazi ya muuguzi. Muuguzi wa timu yao alikuwa mama mmoja mwenye vidole vyepesi. Alimkalisha mtoto mapajani mwa mama yake, akashika nywele za kope la juu kwa kidole gumba na cha shahada, akaegemeza kijiti cha pamba juu ya mkunjo wa kope, kisha kwa mzunguko mmoja mdogo kope likageuka nje, jekundu na lenye unyevu kama ndani ya mdomo. Akavaa miwani yake ya kukuza mara mbili na nusu. Alikuwa akihesabu vipele vyeupe, kila kimoja kisipungue nusu milimita. Vikiwa vinne, mtoto hana kitu. Vikifika vitano, ana trakoma hai. Mdadisi aliruhusiwa kuchungulia: vilikuwa kama chenga za mchele zilizomwagika juu ya kitambaa chekundu.

Vipele vyenyewe havipofushi. Kinachopofusha ni kurudiwa. Bakteria aitwaye Klamidia humwingia mtoto, akatoka, akamwingia tena, mara kumi, mara ishirini, na kila safari huacha kovu dogo ndani ya kope. Miaka ikipita makovu hujivuta kama ngozi ya ngoma inayokaushwa juani, ukingo wa kope ukageukia ndani, nywele zikaanza kulikwaruza jicho kila linapopepesa. Wanawake wengi wa makamo aliowakuta walikuwa na kikoleo kidogo cha kung'olea nywele hizo, wamekifunga kwenye pindo la khanga pamoja na sarafu zao.

Hapo ndipo mdadisi aliposikia kwa mara ya kwanza maneno "macho ya bibi." Katika nyumba moja alikuta wanawake wa vizazi vitatu: bibi kipofu, binti yake mwenye kikoleo, na mjukuu wa kike mwenye vipele vyake vitano au zaidi. Wanaume wa nyumba ileile walikuwa wazima. "Haya ni ya ukoo wetu," alieleza yule wa katikati, bila huzuni kubwa, kama mtu anayeeleza urefu wa pua. "Yanafuata wanawake. Bibi yangu alikuwa nayo, na mama yake."

Mtu aliyesoma biolojia ya kidato cha nne kidogo tu angechora ule mti wa ukoo na kuapa kwamba ni ugonjwa wa kurithi. Mdadisi aliuchora, pembeni mwa daftari lake, akajiona mwanasayansi.

Muuguzi alitazama mchoro, akamwambia amtazame yule mama badala ya kuandika. Mama alikuwa amembeba mjukuu wa mwisho. Mtoto alikuwa na tongotongo, nzi wawili wakitembea kwenye kona ya jicho. Mama akashika pindo la khanga, akampangusa. Baada ya muda mfupi akapangusa jicho lake mwenyewe linalochuruzika, kwa pindo lilelile. Kisha akamvuta yule mjukuu mwingine, akampangusa kamasi. Kwa nini yanafuata wanawake? Kwa sababu wanawake ndio wanaolala na watoto, wanaobeba watoto, na wanaopangusa watoto, kwanza wakiwa dada, kisha mama, kisha bibi. Shirika la Afya Duniani linasema wanawake hupofushwa na trakoma hadi mara nne zaidi ya wanaume. Kilichorithiwa katika nyumba ile, kizazi hadi kizazi, ilikuwa kazi ya kulea.

Watafiti waliofanya kazi katika kijiji kimoja cha Gambia miaka ya 1980 waliliona jambo hili kwa hesabu. Waligundua kwamba ugonjwa haukusambaa kijijini ovyo. Ulijikusanya kwa boma, na ndani ya boma ulijikusanya kwa chumba cha kulala. Nchini Tanzania jaribio la Kongwa lililochapishwa mwaka 1995 lilichukua vijiji sita: vyote vilipewa dawa ya kupaka ya tetrasaiklini, na vitatu vikaongezewa kampeni ya kunawisha watoto uso. Watoto ambao nyuso zao zilibaki safi walipungukiwa na hatari ya kupata trakoma kali. Kina mama wengi wa eneo hilo kame walikuwa wakiamini kwamba kunawisha uso kunahitaji maji mengi, na maji yenyewe huchotwa mbali. Timu ya mdadisi ilikuwa na mchezo wa kuonyesha: lita moja kwenye kidumu chenye tundu dogo, watoto wamepanga mstari. Yeye mwenyewe alihesabu nyuso thelathini kabla maji hayajaisha, na mzee mmoja akadai wamejaza kidumu kwa siri.

Dawa nayo ina hadithi yake. Katika kitongoji cha Kahe Mpya, wilayani Rombo, mwaka 2000, wakazi walikuwa 978 na 956 kati yao walitibiwa, kuanzia watoto hadi wazee, kwa kumeza dozi moja ya azithromaisini au, kwa wale isiowafaa, kwa dawa ya kupaka ya tetrasaiklini. Kabla ya hapo asilimia 9.5 walikuwa na bakteria machoni. Baada ya miezi 24, huku wenye dalili wakipewa dawa ya kupaka katikati, ilibaki asilimia 0.1. Ukoo wa Kahe Mpya haukubadilika katika miaka miwili ile. Damu ilikuwa ileile.

Hata hivyo mdadisi, kwa umri aliokuwa nao, alivuka mstari upande wa pili na kuanza kudharau kila aliyesema "ya ukoo." Ilimbidi aje kusoma, miaka kadhaa baadaye, kwamba huko huko Gambia watafiti walichunguza mapacha, wanaofanana na wasiofanana, wakaona kwamba namna chembe za kinga zinavyomkabili yule bakteria ina sehemu yake ya kurithi. Watoto wawili hulala mkeka mmoja, wakapanguswa khanga moja, mmoja akaishia na kovu na mwingine akapona. Yule mama wa vizazi vitatu hakuwa amekosea kabisa.

Wenye ulemavu wa ngozi waliligeuza jambo hili chini juu. Katika kijiji cha nne alikutana na mvulana wa darasa la pili mwenye ualbino, macho yakichezacheza, ambaye mwalimu alikuwa amemkalisha nyuma kwa sababu "hana akili ya kunakili." Hakuna aliyekuwa amemweleza mwalimu kwamba ualbino huathiri pia sehemu ya ndani ya jicho inayoona kwa ukali, na kwamba mtoto yule alikuwa haoni ubao. Mdadisi alimuuliza baba kama jambo hili lipo katika ukoo. Baba alikana kwa hasira. Kwetu? Hakuna hata mmoja! Na alikuwa mkweli kwa alivyojua. Ualbino unaoonekana zaidi Tanzania hutokea pale baba na mama wote wawili wanapobeba nakala moja ya jeni iliyoharibika bila wao kuwa na dalili yoyote. Mwaka 1995 ilichapishwa kwamba kwa Watanzania wengi wenye hali hii kasoro ni ileile moja: kipande chenye herufi zipatazo 2,700 kimekatika katika jeni ya OCA2, na kipande hichohicho kimekutwa kimekatika kwa watu wa nchi nyingine za Afrika, dalili kwamba kinatoka kwa mhenga mmoja wa zamani sana. Jambo la damu tupu, na hakuna aliyeliita la ukoo.

Mambo mengine aliyajifunza kwa miguu. Kwa mfano, kwamba kipofu huwa nyumbani. Walipofika kijijini saa nne, wenye macho walikuwa shambani au mnadani, na waliobaki kwenye vivuli vya mibuyu walikuwa wale wasioweza kwenda. Ukipima waliopo ukaondoka, utaandika kwamba kijiji kizima hakioni. Kwa hiyo walirudi jioni, na alfajiri, na siku ya pili. Dereva alinung'unika kila mara. Utafiti wa Kongwa wa glakoma, uliochapishwa mwaka 2000, uliorodhesha watu 3,641 wa miaka 40 na zaidi, ukafanikiwa kuwapima 3,268. Takwimu inayonukuliwa ni ile ya asilimia 4.16 waliokuwa na glakoma. Mdadisi, kila akiisoma, hutazama kwanza lile pengo kati ya namba mbili za mwanzo, akawafikiria waliorudi mara tatu kwenye mlango mmoja.

Kisha fomu zikafika Dodoma mjini, na mambo yakaharibika.

Mwanatakwimu wa mradi, kijana mpole aliyependa chai ya tangawizi, alimwita mezani na kumwonyesha jedwali. Wagonjwa wa presha ya macho walikuwa na wastani wa kaka na dada zaidi ya kumi na moja kila mmoja. Kuna mzee aliyekuwa na ishirini na sita. Kuna mwingine, kwa maandishi ya pembeni ya mdadisi mwenyewe, aliyekuwa na baba watatu.

Fomu ilikuwa imeandikwa kwanza kwa Kiingereza, katika ofisi ambayo haina haja ya kutajwa, kisha ikatafsiriwa, na aliyetafsiri alifanya kazi yake bila kosa la kisarufi hata moja. Tatizo ni kwamba neno la Kiingereza la baba lina mtu mmoja ndani yake. La kwetu lina baba mzazi, baba mkubwa, baba mdogo, na kwa heshima hata rafiki wa baba. Kaka ni mtoto wa mama yako, na ni mtoto wa baba mdogo, na ni jirani aliyekuzidi umri. Ndugu ni mtu yeyote ambaye ukimkosesha chakula utaona aibu. Mtafiti wa jeni anahitaji kitu chembamba kuliko vyote hivyo. Mtu humgawia mtoto wake nusu ya vinasaba vyake. Ndugu wa baba mmoja mama mmoja hushirikiana wastani wa nusu. Wa baba mmoja, robo. Watoto wa baba mdogo, sehemu ya nane. Ukiwamwaga wote kwenye kisanduku kimoja kilichoandikwa "kaka," umechanganya mchele na pumba, na hakuna kompyuta itakayokupepetea.

Mdadisi aliona aibu, maana yeye alizaliwa ndani ya lugha hii. Aliuliza "kaka" kwa midomo yake, akasikia "saba," na hakushtuka, kwa kuwa naye ana kaka tisa na mama yake alizaa watoto watatu.

Ilibidi kurudi. Safari hii hakubeba swali la ukoo kwenye karatasi. Alibeba karanga mfukoni. Alikaa chini na mtu, akamuuliza, "Mama aliyekuzaa, alizaa mara ngapi? Waliokufa tuwahesabu, waliopotea tuwahesabu." Kwa kila tumbo karanga moja, zikapangwa mstari kwenye vumbi, za kike zimemenywa, za kiume na maganda yake. Kisha wakaanza kuzigusa moja moja: huyu yuko wapi, anaonaje, akitembea hujikwaa? Wazee walipenda mchezo huu, ingawa mmoja alimaliza kwa kula ndugu zake.

Yule mzee wa ndoo alipanga karanga tano. Kaka saba wakapungua hadi wawili, mmoja mgonjwa. Baba watatu wakabaki mmoja, na yeye alipofuka kweli. Lakini kwenye mstari kulikuwa na karanga iliyomenywa ambayo fomu ya kwanza haikuwa nayo kabisa. Dada yake wa tumbo moja, aliyeolewa kijiji cha mbali tangu ujana. Mzee hakuwa amemtaja kwa kuwa aliulizwa kuhusu ndugu wenye matatizo, na yule hakuwa tena wa mji ule. Alikuwa wa mji wa mumewe. Ndiye aliyekuwa kipofu kabisa.

Yaani "kaka" lilikuwa limeongeza wasiokuwemo, na ndoa ikafuta waliokuwemo. Walipohesabu upya, ndugu wengi wa kike walirudi kwa njia hii, mmoja mmoja, kutoka kwenye maganda.

Uholanzi walikuwa wameliona tatizo la kuuliza kwa njia yao. Katika utafiti wa Rotterdam uliochapishwa mwaka 1998, watafiti hawakuridhika na kauli za wagonjwa kuhusu jamaa zao. Waliwaita jamaa wenyewe na kuwapima. Kati ya ndugu wa tumbo moja wa wagonjwa wa glakoma, asilimia 10.4 walikuwa nayo. Kati ya ndugu wa watu wasio wagonjwa, asilimia 0.7. Mwaka uliotangulia, 1997, jeni ya kwanza ya glakoma ya kawaida ya watu wazima, iitwayo miosilini, ilikuwa imepatikana, ikaleta matumaini makubwa, kisha ikaonekana kwamba inaeleza wagonjwa wachache tu kati ya mia. Baadaye zikaja tafiti za kupekua vinasaba vyote kwa mpigo, nyingi zikiwa za watu wenye asili ya Ulaya na Asia. Inashangaza, kwa sababu wenye asili ya Afrika ndio wanaoumia zaidi: kule Barbados, uchunguzi uliochapishwa miaka ya 1990 uliikuta kwa asilimia 7 ya watu weusi wa miaka 40 hadi 84. Mwaka 2018 yalichapishwa matokeo yaliyojumuisha wagonjwa wa Afrika Kusini na Tanzania, na alama nyingi zilizotambuliwa kwa Wazungu hazikuonyesha nguvu ileile kwa Waafrika.

Ili kuyapata majibu kama hayo ni lazima mtu atoe damu, na hapo mdadisi alikutana na mumiani.

Ilikuwa katika kijiji cha mwisho. Gari jeupe, watu wageni, makoti, sindano, boksi la barafu. Kabla ya saa sita uvumi ulikuwa umeshafika kisimani: hawa ni wanyonya damu. Mwenyekiti wa kitongoji aliitisha kikao chini ya mti. Mdadisi alieleza kwamba kiasi ni kijiko kimoja cha chai, kwamba kuna kibali cha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, na kwamba asiyetaka haulizwi sababu. Bibi mmoja aliyekaa mbele akanyoosha mkono.

"Mjukuu wangu, sikatai kijiko. Nauliza, kinakwenda wapi?"

Mdadisi alikuwa amefundishwa kusema "maabara." Alifungua mdomo aseme hivyo, akamtazama bibi, akaona kwamba neno lile ni kama "baba" wa kwenye fomu. "Kinakwenda Dar es Salaam," alisema. "Halafu sehemu yake inapanda ndege, inakwenda Ulaya. Kuna mkataba wa maandishi unaosema watafanya nini nacho."

Kimya. Kisha bibi akawageukia wenzake. "Mmesikia? Damu yangu inapanda ndege. Mimi hata nauli ya basi la Dodoma sina."

Walicheka hadi mti ukatikisika, na zaidi ya nusu wakajipanga. Bibi mwenyewe hakutoa. Alisema ameshaelewa, na kuelewa kunatosha.

Daktari wa timu, walipokuwa wakifungasha, alitaja jambo ambalo mdadisi hakuwa amelifikiria. Ukipima vinasaba vya baba, mama na watoto, siku moja utakutana na mtoto ambaye hesabu yake haikubali kwa baba. Waswahili walishalimaliza jambo hili zamani: kitanda hakizai haramu. Mwanamume aliyemlea ndiye baba. Maabara haiujui msemo huo. Ndiyo maana matokeo ya aina ile hubaki kwa namba bila jina, na hayarudishwi kijijini. Mdadisi alikubali kwamba ni sawa. Lakini alibaki akijiuliza kuhusu mtoto wa kitanda kile, ambaye siku moja ataambiwa akapimwe presha ya macho kwa kuwa baba yake anayo, na mwingine wa nyumba ya tatu ambaye hataambiwa.

Miaka ilipita. Alipata kazi ya kudumu, akahamia mjini, fomu zake zikawa za kwenye kishikwambi. Mwaka 2021 alisoma matokeo ya jaribio lililofanywa Moshi, katika hospitali ya KCMC: wagonjwa wa glakoma walitibiwa ama kwa leza au kwa matone ya timolo, na baada ya mwaka mmoja leza ilikuwa imefaulu kwa asilimia 61, matone asilimia 31. Aliisoma mara mbili, akamkumbuka mzee wa ndoo, aliyepewa chupa moja ya matone na kuambiwa anunue nyingine ikiisha.

Jioni ileile alimpigia simu mama yake, akamuuliza kuhusu mjomba aliyekuwa akiishi nao Mpwapwa, ambaye watoto walimwongoza kwa fimbo. Nyumbani walisema ni uzee. Alipopofuka alikuwa na miaka hamsini na mitatu.

"Mama, mjomba yule ni wa tumbo moja na wewe?"

"Maswali yako, mwanangu." Kisha, baada ya kimya: "Tumbo moja. Mimi ndiye niliyemfuata."

Kliniki ya macho ilikuwa na foleni hadi nje. Karani, msichana mdogo, aliuliza maswali yake haraka haraka bila kuinua kichwa: umri, kisukari, miwani, na je, kuna ndugu yeyote mwenye presha ya macho? "Ndugu ni wengi," alianza mama. Binti yake alimgusa mkono, na mama akaanza upya, akihesabu kwa vidole.

Daktari alimweka kidevu kwenye kibao cha mashine, paji la uso likagusa ukanda, chumba kikazimwa taa. Mwanga mwembamba ukaingia jicho la kulia, ukakaa hapo kwa muda mrefu, ukahamia la kushoto. Presha ilikuwa 19. Neva ya kulia nzuri; ya kushoto, alisema, shimo ni kubwa kidogo, si la kuogopa leo, arudi baada ya miezi sita wapime tena uwanja wa kuona. Aliandika, kisha akauliza ndugu wa mama waliobaki wako wapi.

Mama alikuwa ameshatoa simu kwenye mkoba, ameisogeza mbali na uso ili aone majina. Mkubwa wao yuko Morogoro, alisema, na huyo hapokei simu mchana. Yule mdogo wa kike yuko Singida kwa mumewe. Namba yake ipo, ila kwanza ainunulie vocha.